Nani Kasema Kila Mtu Anajali Tumbo Lake?

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii ina mahali pake, lakini siku hizi husikika zaidi pale mtu anapotaka mjadala ufungwe. Diwani akibainika kampa shemeji yake zabuni ya kuzoa taka, hakosi mtetezi wa kusema hata wewe ungekuwa pale ungefanya hivyo hivyo. Mhasibu wa ushirika akila michango ya wanachama, watu hutikisa vichwa na kusema binadamu ndivyo walivyo. Maneno hayo hutamkwa kwa sauti ya mtu mzima aliyeona mengi. Kumbe ni nadharia ya falsafa, tena ya zamani, iliyopingwa na watu makini kwa karne nyingi, na majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1980 yameiacha hoi.

Wanafalsafa wanapojadili ubinafsi huwa na madai zaidi ya moja mezani, na fujo huanza pale yanapochanganywa. Lipo dai la kueleza, kwamba binadamu apende asipende hutenda kila jambo kwa faida yake mwenyewe, hata anapomnywesha maji mgonjwa asiyemjua. Lipo dai la kuelekeza, kwamba mtu anapaswa kutanguliza faida yake, na asipofanya hivyo anakosea. Na lipo la kiasi, ambalo watu wengi wanaishi nalo bila kulitaja: kuangalia maslahi yako ni jambo la akili na halina aibu, alimradi humdhulumu mwenzako. Mkulima wa korosho anayekataa kuuza kwa bei ya kutupa analinda maslahi yake, na hakuna jirani anayemwona mchoyo kwa hilo. Mtetezi wa yule diwani hufanya ujanja mmoja. Anachukua ukweli wa dai hili la mwisho, ambalo kila mtu analikubali, kisha anaupenyeza kama ushahidi wa lile la kwanza.

Anayetajwa zaidi katika dai hilo la kwanza ni Thomas Hobbes, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1588. Kitabu chake maarufu, Leviathan, kilitoka mwaka 1651, miaka miwili tu baada ya mfalme wa nchi yake kukatwa kichwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Si ajabu kwamba mtu aliyeishi nyakati zile aliwaona binadamu kuwa viumbe wa kuogopana. Wasomi wangali wanabishana iwapo Hobbes aliamini kwamba kila tendo ni la kujipendelea, lakini rafiki yake, John Aubrey, ameacha kisa kinachofaa kusimuliwa. Siku moja katika mtaa wa Strand, London, mzee maskini na mgonjwa alimwomba Hobbes msaada. Hobbes akamtazama kwa huruma, akaingiza mkono mfukoni, akampa peni sita. Mchungaji aliyekuwa amesimama karibu akamuuliza kama angetoa sadaka ile hata kama Kristo asingeiamuru. Hobbes akajibu kwamba angetoa, kwa sababu kuiona hali ya yule mzee kulimuumiza, na kumpunguzia mzee shida kumempunguzia na yeye maumivu.

Jibu hilo limewateka wengi. Linaonekana kuthibitisha kwamba hata sadaka ni dawa ya mtoaji. Lakini litazame kwa makini. Kwa nini kumwona mzee kulimuumiza Hobbes? Mtu asiyejali hali ya mwingine hupita zake, wala moyo haumdundi. Maumivu yale yalikuwepo kwa sababu tayari alikuwa anamjali yule mzee. Hoja hii ilipangwa vizuri na kasisi Joseph Butler, ambaye baadaye alikuwa askofu, katika mahubiri 15 aliyoyachapisha mwaka 1726. Butler aliona kwamba raha ya kupata kitu huja baada ya kukitaka kitu chenyewe. Mwenye njaa anataka chakula. Raha ya kushiba inafuata. Mama anataka mwanawe apone. Faraja yake ni matokeo ya kupona kwa mtoto, na kama asingemtaka mtoto apone faraja hiyo isingekuwepo. Kusema kwamba alichokuwa akikitafuta muda wote ni faraja yake ni kuuweka mkokoteni mbele ya punda.

Mtetezi wa nadharia hubakiwa na mlango mmoja wa kutokea. Husema: hata aliyejitoa mhanga alitaka kujitoa, kwa hiyo alijifurahisha. Hapo ndipo nadharia inapojimaliza yenyewe.

Mnamo Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo mavazi ya kujifunika ili wasitambulike. Salah Farah, mwalimu na naibu mkuu wa shule, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki dunia akiwa katika matibabu. Mtu akisema Salah Farah alikuwa anatafuta faida yake, aulizwe ni tendo gani basi, likifanywa na binadamu yeyote mahali popote, ambalo angelikubali kuwa halikuwa la ubinafsi. Kama halipo hata moja, basi neno lake halituambii lolote kuhusu binadamu, maana linamweka mwalimu yule na watu waliomfyatulia risasi katika kapu moja. Nadharia isiyoweza kutofautisha hawa wawili haina kazi ya kutufanyia.

Wapo walioamua kuacha kubishana, wakapima. Daniel Batson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake jaribio moja mwaka 1981 ambalo linastahili kusimuliwa taratibu. Wanafunzi wa kike waliambiwa kwamba watamtazama kwa televisheni mwenzao aitwaye Elaine akipigwa shoti za umeme katika utafiti. Elaine alikuwa mwigizaji, na shoti hazikuwepo, lakini watazamaji hawakulijua hilo. Baada ya raundi mbili Elaine alionekana kuteseka sana, na mtazamaji akaulizwa kama yuko tayari kuchukua nafasi yake. Mtego ulikuwa hapa: baadhi ya watazamaji walikuwa wameambiwa kwamba wakitaka wanaweza kuondoka baada ya kutazama raundi mbili tu. Anayeumizwa na kuona mateso, na anayetaka tu maumivu yake mwenyewe yaishe, alikuwa na njia nyepesi: aende nyumbani.

Kama Hobbes alikuwa sahihi juu ya yale maumivu, wengi wangeondoka. Miongoni mwa wale waliofanywa wamwone Elaine kuwa mtu wasiyefanana naye, hivyo ndivyo ilivyokuwa: 2 tu kati ya 11 walikubali kupokea shoti badala yake. Lakini katika kundi lililofanywa limwone kuwa mwenzao na kumwonea huruma, 10 kati ya 11 walikubali, ingawa mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Tangu hapo wapinzani wamependekeza maelezo mengine, kwamba pengine waliogopa kujiona wabaya, au walitaka sifa, na Batson alitumia miaka mingi kuyapima moja baada ya jingine. Mjadala haujafungwa kabisa. Hata hivyo, mtu anayetamka mitaani kwamba huruma ni unafiki wa kistaarabu anasema jambo ambalo maabara haijamsaidia kulithibitisha.

Dai la pili, lile la kuelekeza kwamba mtu atangulize faida yake, lina mashabiki wachache na makelele mengi. Mwaka 1844 Mjerumani aliyejiita Max Stirner, ambaye jina lake halisi lilikuwa Johann Kaspar Schmidt, alitoa kitabu kinachotangaza kwamba yeye hadaiwi kitu na Mungu, taifa wala ubinadamu. Marx na Engels waliandika mamia ya kurasa kumjibu. Ukurasa wa mwanzo wa kitabu hicho una maneno ya kukitabaruku kwa mpenzi wake, mkewe Marie, na mtu anajiuliza kwa nini asiyedaiwa na yeyote alihitaji kumshukuru mtu.

Aliyeeneza dai hili katika karne ya 20 ni mwandishi Ayn Rand. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1905, akashuhudia duka la dawa la baba yake likitaifishwa na Wabolsheviki, kisha akahamia Marekani mwaka 1926. Uchungu wake unaeleweka, na msomaji mwadilifu hatakiwi kuupuuza: aliona serikali ikipora kwa jina la umma, na akaapa kutoamini tena lugha ya kujitolea. Riwaya zake na mkusanyiko wa insha zake wa mwaka 1964 vinafundisha kwamba lengo kuu la mtu kimaadili ni kuishi kwa ajili yake mwenyewe, bila kujitoa mhanga kwa wengine na bila kuwatoa wengine mhanga. Nusu ya pili ya kanuni hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba Rand hakueleza vya kutosha kwa nini mtu anayejiishia mwenyewe aiheshimu siku ambayo kumdhulumu jirani kunalipa na hakuna anayeona.

Kanuni hiyo ilikuja kupewa mtihani mkubwa kuliko aliouwazia. Alan Greenspan, aliyekuwa katika duru ya marafiki wa karibu wa Rand tangu ujana wake, aliongoza benki kuu ya Marekani kuanzia mwaka 1987 hadi 2006. Aliamini kwamba benki hazihitaji kusimamiwa sana, maana maslahi yao wenyewe yatawafanya walinde fedha za wanahisa wao. Mwaka 2008 mfumo ule ukaporomoka. Oktoba 23 mwaka huo, mbele ya kamati ya bunge la nchi yake, mzee huyo wa miaka 82 alikiri kwamba ameona kasoro katika mtazamo aliouishi kwa miongo kadhaa, na kwamba ameshtuka. Kukiri kwake kulikuwa kwa heshima. Lakini wafanyakazi waliopoteza nyumba na ajira, wengine katika nchi ambazo hazikuwahi kusikia jina la Rand, walikuwa tayari wameshalipa.

Mwanauchumi Adam Smith naye hubebeshwa mzigo usio wake. Kila anayetaka kutetea uroho sokoni humkumbuka mchinjaji, mtengeneza bia na mwoka mikate wa kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, watu wanaotuuzia chakula kwa maslahi yao badala ya kutuonea huruma. Hoja ni ya kweli, na mama lishe yeyote anaijua: akipika vibaya, wateja wanahamia banda la jirani. Ila Smith huyo huyo alikuwa amechapisha mwaka 1759 kitabu kizima juu ya hisia za maadili, kinachoanza kwa kukana kwamba binadamu ni mbinafsi mtupu, na aliendelea kukipanua hadi mwaka 1790 alipofariki. Katika kile cha 1776 pia aliwaonya wasomaji kwamba wafanyabiashara wa fani moja wakikutana, hata kwa burudani, mazungumzo yao huelekea kwenye njama za kupandisha bei. Smith aliyaamini maslahi ya mwoka mikate pale ambapo yupo mwoka mikate mwingine mtaani, na zipo sheria.

Ushahidi ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili unatoka Tana River. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita kundi la wanaanthropolojia na wanauchumi lilizunguka katika jamii ndogo 15 duniani, za wawindaji, wafugaji na wakulima, likiwapa watu fedha halisi na michezo ya kuzigawana. Mmoja wao, mwanaanthropolojia Jean Ensminger, alikuwa kwa Waorma wa Tana River nchini Kenya, wafugaji ambao alikuwa amewafahamu kwa muda mrefu. Mchezo mmoja ulikuwa hivi: kila mchezaji katika kundi dogo anapewa fedha, anaamua aweke kiasi gani katika mfuko wa pamoja, mtafiti anauongezea mfuko ule, halafu unagawanywa sawasawa kwa wote. Mwenye hesabu za kujipendelea abaki na zake zote, kisha apokee fungu la jasho la wengine.

Waorma waliuangalia mchezo wakautambua mara moja. Wakauita mchezo wa harambee.

Kwa wastani walichangia asilimia 58 ya walichopewa, na robo ya wachezaji waliweka kila kitu. Hawakuhitaji mhadhara wa falsafa. Walikuwa na mazoea ya kuchangia shule na barabara, na mazoea hayo yakawaonyesha hili ni jambo la namna gani. Kuna atakayesema harambee yenyewe imejaa shinikizo na wanasiasa wanaojitafutia kura kwa mabunda ya noti, na atakuwa sahihi. Hata hivyo, hakuna mwanasiasa aliyekuwa kwenye mchezo ule.

Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe walileta matokeo magumu zaidi. Katika mchezo ambapo mmoja anapendekeza mgawo na mwingine anaweza kuukataa ili wote wakose, Wahadzabe walitoa mafungu madogo kuliko jamii nyingi, na mafungu hayo yalikataliwa mara nyingi. Hawa ni watu wanaosifika kwa kugawana nyama! Maelezo ya watafiti ni kwamba mgawo wao wa nyama hausubiri moyo mkunjufu. Mnyama mkubwa akiangushwa kila mtu kambini anamwona, na kila mtu anadai. Jambo hilo lina uzito kwa mjadala huu, kwa sababu linaonyesha kwamba jamii inaweza kugawana vizuri hata pale ambapo watu wangependa kuficha, ikiwa kugawana kumewekwa mahali pa wazi. Na kwa ujumla wake, utafiti ule haukupata jamii hata moja kati ya 15 iliyotenda kama nadharia ya ubinafsi inavyotabiri. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba jamii zilizozoea soko zilielekea kugawa kwa haki zaidi kuliko zile zilizo mbali nalo. Smith angefurahi kusikia hivyo.

Je, nadharia potofu ina madhara gani kama watu wataendelea kuchangiana hata hivyo? Madhara yapo, na wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliyaonyesha katika vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto, na mwalimu analazimika kubaki. Vituo sita vikaweka faini ndogo ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Hesabu ya ubinafsi ilitabiri uchelewaji utapungua. Uliongezeka, ukafika karibu maradufu. Wazazi waliokuwa wakikimbia barabarani kwa kumwonea haya mwalimu sasa walijua bei ya kuchelewa, wakailipa. Faini ilipofutwa, uchelewaji haukurudi ulipokuwa. Waliotendewa kama watu wa kujali mfuko tu walijifunza kujali mfuko.

Kwa hiyo anayewaambia vijana kila siku kwamba kila mtu anajali tumbo lake haelezi tu hali ya mambo. Anaijenga.

Tanzania inayo historia yake ya kulitafakari suala hili, na inastahili kusomwa upya bila ushabiki. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba ujamaa ni suala la mtazamo wa mtu, na kwamba hata tajiri anaweza kuwa mjamaa, na hata maskini anaweza kuwa na mawazo ya kibepari. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikutegemea mtazamo peke yake. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Walioliandika hawakuwa na dhana kwamba viongozi wote ni wezi; walijua tu kwamba mwenye nyumba tano za kupangisha atapata shida kupiga kura ya haki kuhusu kodi za nyumba. Masharti yalikuwa makali mno kudumu, na mwaka 1991 yalilegezwa katika kikao kilichofanyika Zanzibar. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilichukua njia nyingine: kiongozi awe na mali, ila aitangaze pamoja na madeni yake. Mashamba ya pamoja ya vijiji vya ujamaa, kwa upande wake, yalifundisha somo la upande wa pili. Wakulima walitoa nguvu zao bora kwenye mashamba yao ya kaya, na kuwalaumu kwa hilo kuwa ni wabinafsi kulikuwa kuwaonea. Walikuwa na watoto wa kulisha.

Namna bora zaidi ya kushughulika na maslahi haipo katika vitabu vya Rand wala vya Stirner. Ipo katika vikundi vya kuweka na kukopa, aina iliyoanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE na kuenea Afrika Mashariki, ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa jina la VICOBA. Fedha hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Hesabu hufanywa mbele ya wote, noti kwa noti. Kila mwanachama hununua hisa, na mwisho wa mzunguko hupata mgao kulingana na hisa zake, faida yake mwenyewe, halali, isiyoombewa radhi. Ndani ya sanduku hilo hilo kuna mfuko wa jamii, ambao hutolewa kwa aliyefiwa au aliyeuguliwa, na mara nyingi haudaiwi riba wala kurudishwa.

Wanawake wanaokutana kila wiki kwenye darasa la shule ya msingi wanaendesha vyote viwili kwa pamoja na hawaoni mgongano. Wanamtegemea mwenzao aje msibani, na hawampi funguo zote tatu. Hata bungeni Dodoma, mbunge mwenye hisa katika jambo linalojadiliwa hutakiwa kutangaza maslahi yake kabla ya kuchangia, na hakuna anayemwona amekosa adabu kwa kuwa nayo. Halmashauri zina wanasheria, wakaguzi na ofisi zenye kufuli nyingi kuliko tatu. Kikao cha zabuni kinachoanza kwa kila mjumbe kutaja ndugu na hisa alizonazo, kuandikwa kwenye muhtasari, na mwenye maslahi kutoka nje ya chumba, hakihitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Kinahitaji mwenyekiti atakayeuliza, na wananchi watakaoomba kuusoma muhtasari huo.